Aliyekupa Maji Anaitwa Nani?

Hotuba hii niliitoa Jumapili iliyopita hapa Nairobi, kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha matembezi. Wengi hamkuwepo, wengine mlikuwa safarini, na wengine, tusifichane, mlikuwa mmelala baada ya mlima wa Jumamosi. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, ila picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, ndugu na dada zangu wenye viatu vya matope, hamjambo?

Hamjambo tena? Naona kule nyuma chai imenizidi wafuasi. Haya, tutasikilizana hivyo hivyo.

Naomba tuanze kwa mikono. Aliyewahi kufika Point Lenana, kule Mlima Kenya, ainue mkono. Wengi! Hongereni. Urefu wake? Mita 4,985, mmejibu wote kwa pamoja, hata wale ambao hawakuinua mkono. Longonot? Mita 2,776. Vizuri sana. Sasa swali la mwisho. Mtu wa mwisho aliyekupa maji njiani, au aliyekuonyesha mahali pa kuvukia mto, au aliyekuacha ukapita katikati ya viazi vyake na viatu hivyo vikubwa, anaitwa nani?

Mbona kimya?

Milima tumeihesabu. Kilomita tumezihesabu, na siku hizi saa ya mkononi inakuhesabia hata mapigo ya moyo. Watu hatujawahesabu.

Nimekuja kusema jambo moja tu, na nitalizunguka mpaka mchoke. Safari ndefu ya miguu haiwezeshwi na anayetembea. Inawezeshwa na aliyekaa. Aliyekaa, akawasha moto, akaacha mlango wazi. Tukikubali hilo, basi mengi tunayoyafanya kila Jumamosi itabidi tuyafanye vingine, na mengine tuyaache kabisa.

Niwapeleke mbali kwanza, kisha nitawarudisha Bonde la Ufa kabla chai haijapoa.

Kule Marekani kuna njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail. Inaanzia Springer Mountain, jimbo la Georgia, na kuishia juu ya mlima Katahdin, jimbo la Maine. Inapita majimbo 14, na urefu wake ni zaidi ya kilomita 3,500. Ilikamilika mwaka 1937. Anayeitembea yote kwa safari moja huchukua miezi mitano, sita.

Mwaka 1955 nyanya mmoja kutoka Ohio, Emma Gatewood, aliianza kule Georgia. Alikuwa na umri wa miaka 67. Alikuwa amezaa watoto 11, ana wajukuu 23, na alikuwa ametoka katika ndoa ya kipigo. Aliwaambia wanawe kwamba anaenda kutembea kidogo. Kidogo! Alivaa raba za kawaida za turubai, akabeba begani mfuko alioushona mwenyewe. Hakuwa na hema. Hakuwa na mfuko wa kulalia. Mvua ikinyesha alijifunika pazia la plastiki la bafuni. Enyi mliouziwa koti la mvua la elfu ishirini pale mjini, mnanisikia?

Septemba mwaka ule ule alisimama juu ya Katahdin, mwanamke wa kwanza kuimaliza njia ile peke yake kwa msimu mmoja.

Peke yake. Hapo ndipo tunapopiga makofi, na mimi nayapiga pia, maana yanamstahili. Lakini hebu jiulizeni. Mtu asiye na hema hulala wapi kwa karibu miezi mitano? Mtu aliyebeba mfuko mmoja wa begani hula nini?

Alilala kwa watu. Aligonga milango. Alilala barazani, alilala ghalani, alilala kwa watu ambao saa moja kabla hawakujua kwamba yupo duniani. Wengine walimfukuza, kwa sababu ajuza mwenye vumbi anayesema ametoka Georgia kwa miguu si kila mtu atamwamini, na usiku huo alilalia majani makavu. Wengine walimpa chakula cha jioni na kitanda chenye shuka safi. Jina lake limeandikwa. Majina yao, mengi, hayakuandikwa popote. Sasa ziondoe zile baraza. Ziondoe zile sahani. Safari imebaki wapi?

Upande wa pili wa nchi hiyo hiyo kuna Pacific Crest Trail, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 4,200. Kusini mwa California inapita nchi kavu, na kuna vipande vya kilomita thelathini na zaidi visivyo na maji. Basi kuna wenyeji wanaopakia madumu kwenye magari yao, wakayapeleka pale njia inapokata barabara, wakayaacha kwa ajili ya watu ambao huenda wasiwaone kamwe. Wamarekani huwaita malaika wa njia. Katika mji mdogo wa Agua Dulce kulikuwa na familia iliyofungua ua wake kwa wapita njia kwa miaka mingi. Vitanda vilikuwepo, vifurushi vya posta vilitunzwa, na nguo za wageni zilifuliwa. Nguo za mtu aliyetembea jangwani wiki nzima! Mwenye pua anajua hiyo ni sadaka ya namna gani.

Lakini wanaoisimamia njia ile hutoa onyo moja ambalo naomba tulibebe nasi: usipange safari yako kwa kutegemea madumu ya watu. Beba maji yako. Ukiyakuta ya wengine, shukuru. Mgeni na mdowezi wanatofautiana hapo.

Sasa turudi nyumbani.

Suswa wengi mnaijua, au mnaijua kwa kuipita mkienda Narok. Ni mlima wa volkeno wenye shimo ndani ya shimo. Shimo la nje ni pana kiasi kwamba watu wanaishi na kuchunga ndani yake. Ndani zaidi kuna shimo la pili, na katikati yake kisiwa cha mwamba kilichozungukwa na handaki la msitu. Kuna mapango marefu yaliyoachwa na mito ya lava, na katika pango mojawapo nyani hukusanyika usiku. Mahali hapo panaitwa bunge la nyani. Sitaongeza neno.

Siku moja tuliiacha lami alfajiri, watu wanne, tukaamua kupanda kwa miguu badala ya pikipiki. Vumbi la Suswa ni laini, linapenya viatu, linapenya soksi, linakaa katikati ya vidole likikusubiri. Kufikia saa sita mchana jua lilikuwa limetupiga vya kutosha, kichaka cha leleshwa hakina kivuli cha kumtosha mtu mzima, na ukingo wa shimo la ndani ulikuwa bado kule mbele. Tukaona boma. Tukasimama nje ya ua, tukangoja. Hilo la kungoja nje liwekeni akilini, nitalihitaji baadaye.

Akatoka mama wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, Takwenya. Akaitikia, Iko. Watoto wakaja wakainamisha vichwa, tukawagusa utosi mmoja baada ya mwingine, na jambo hilo haliharakishwi hata kama ulimi umekauka. Tukaketishwa. Kisha tukahojiwa kuliko kwenye uwanja wa ndege. Mmetoka wapi? Nairobi sehemu gani? Huko kumenyesha? Maziwa mnanunua bei gani? Na huyu mwenzenu mbona hasemi, ni mgonjwa? Wamaasai wana adabu hii ya habari: anayetoka mbali amebeba habari, na huo ndio mzigo anaotuliwa kwanza. Sisi moyoni tulitaka maji kwanza, tusidanganyane. Lakini sufuria ilikuwa tayari motoni. Alikuwa ametuona tangu tuko kule chini, watu wanne wanaotembea vibaya, na akajua tutafika tukiwa na hali gani.

Ikaja chai. Maziwa mengi, sukari nyingi, na ule moshi mdogo unaobaki katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto. Vikombe viwili kila mtu.

Tulipomaliza, kijana wake akatupeleka mwendo mfupi nyuma ya boma, atuonyeshe maji yanakotoka. Nilitarajia kisima. Hapakuwa na kisima. Hapakuwa na mto. Mlima ule bado una moto chini yake, na ardhi ina nyufa zinazotoa mvuke. Wenyeji huchomeka mabomba kwenye nyufa hizo na kuziba pembeni. Mvuke unapanda, unapoa ndani ya bomba, unageuka maji, maji yanadondoka kwenye dumu. Tone. Tone. Tone. Chai yetu ilitoka humo. Watu wanne, vikombe vinane. Pigeni hesabu ya matone.

Na mvuke usipotosha, mama yule anafunga madumu kwenye punda na kuyafuata maji mbali, kwenda na kurudi, juani. Sisi tukitembea kilomita thelathini tunachapisha tishati. Punda wa mama yule hajawahi kupewa tishati. Katika boma lile, ndugu zangu, sisi wanne hatukuwa wasafiri hodari. Msafiri hodari alikuwa yule aliyekuwa akitumiminia chai.

Kwa nini alitupa? Nilimuuliza kijana wake tukiwa tunashuka. Alicheka tu. Kwake swali lenyewe halikuwa na maana. Mtu ametoka mbali, ana vumbi, anywe. Ukitaka falsafa zaidi ya hiyo, katafute chuo kikuu.

Tena kuna utaratibu wa zamani nyuma ya kicheko kile. Mwanamume wa Kimaasai akisafiri mbali alitafuta boma la mtu wa rika lake, na mtu wa rika hamnyimi mwenzake malazi. Hakuna pesa hapo. Hakuna kupiga simu kwanza. Mtu aliweza kuvuka nchi nzima na shuka moja na fimbo, kwa sababu kila alikofika palikuwa na mtu anayedaiwa ukarimu, naye kesho yake angeudai kwingine. Vitabu vyetu vya shule vilituambia barabara zilikuja na wakoloni. Hiyo nayo tuiiteje?

Wajapani nao wana yao. Katika kisiwa cha Shikoku kuna njia ya mahujaji inayounganisha mahekalu 88, kilomita kama 1,200, kwa kumbukumbu ya mtawa Kukai aliyezaliwa huko mwaka 774. Anayeitembea huvaa nguo nyeupe na kushika fimbo. Wenyeji humsimamisha barabarani wakampa kitu: chungwa, chai, sarafu, pengine hata lifti. Desturi hiyo huitwa osettai. Na adabu inamtaka hujaji asikatae. Kwa nini asikatae? Kwa sababu anayetoa anapata fungu katika hija. Ana duka la kuangalia, ana mzee mgonjwa chumbani, hawezi kuzunguka kisiwa. Wewe unazunguka kwa niaba yake. Ukilirudisha chungwa lake kwa sababu umeshiba, umemzuia yeye safari. Naye hujaji, akipewa, huacha karatasi ndogo yenye jina lake. Jina kwa chungwa. Mnaona walivyolifikiria?

Kwa Waislamu mlio humu sina la kuwafundisha. Katika makundi manane yanayostahili zaka, moja ni msafiri aliyekwama njiani, hata kama kwao ana mali. Njiani ni njiani. Na wazee wa pwani walifunga mjadala zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji apone! Walijua kwamba anayefungua mlango naye ana kitu anachokipata. Habari, kicheko, thawabu, sukari, au mtu wa kumsikiliza. Swali ni kama wewe mgeni unakuja na kitu cha kumponya, au unakuja mikono mitupu na begi la elfu arobaini mgongoni.

Hadi hapa hotuba ni tamu. Sasa naitia chumvi.

Jumamosi asubuhi tukienda Kijabe au Longonot, basi letu linapita Waiyaki Way. Mnakuwa mnaimba. Waiyaki wa Hinga alikuwa mwenyeji. Kabla ya reli, kabla Nairobi haijawa mji, misafara kutoka pwani ilisimama maeneo haya ya Ngong na Dagoretti kununua chakula. Maharagwe, viazi vitamu, unga. Mbele yao kulikuwa na mwendo mrefu wa Bonde la Ufa, na msafara ambao haukujaza magunia hapa ulikuwa unajitafutia kifo. Wanawake wa Kikuyu ndio walioleta chakula kile sokoni. Kwa hiyo kabla ya hoteli hata moja kujengwa, mahali hapa tulipokaa palikuwa pa kuwalisha watu wanaotembea mbali. Hiyo ndiyo sifa ya zamani zaidi ya Nairobi ninayoijua, na hatuiimbi.

Oktoba 1890 alikuja Frederick Lugard, mtu wa kampuni ya Imperial British East Africa, akielekea Uganda. Waiyaki alimpokea. Wakala kiapo cha undugu. Lugard akajenga boma Dagoretti, akaacha watu wake humo, akaendelea na safari. Wale walioachwa wakaanza kuchukua chakula na mali za wenyeji bila kulipa. Hawakuchukua muda kufukuzwa, na boma lao likachomwa. Mwaka 1891 kampuni ikajenga ngome nyingine Kabete, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikwenda ngomeni, ugomvi ukazuka, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo na kuondolewa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi.

Kutoka hapa hadi Kibwezi ni karibu kilomita 200. Mwenyeji alitolewa nyumbani kwake kwa minyororo na wageni aliokula kiapo nao.

Najua kuna mtu anajiuliza, hayo yanatuhusu nini? Sisi hatuna bunduki, tuna fimbo za kutembelea na mikate. Kweli. Lakini angalieni mambo yalivyokwenda. Mgeni alipewa. Akazoea kupewa. Akaanza kuchukua. Kisha mwenyeji alipolalamika, mwenyeji ndiye akawa mkosaji. Hizo hatua hazihitaji bunduki. Nimeziona zikianza kwa watu wenye chupa za maji.

Nimeona basi zima la watu wa mjini likimwagwa kwenye shamba la mtu, vijia vitatu vipya vikakanyagwa kwenye mimea kwa sababu kila mtu alitaka kupiga picha upande wake. Nimeona ua ukifunguliwa usifungwe, na kondoo wa mtu wakaenda zao. Nimeona peremende zikirushwa dirishani watoto wazigombanie vumbini, na simu zikiwarekodi. Nimeona mwongozaji wa kijijini, aliyetembea mbele yetu siku nzima, akipewa shilingi mia tatu baada ya kubembelezwa, na aliyempa akajiona mkarimu. Na spika! Jamani, spika. Mtu anapanda mlima alfajiri kutafuta utulivu, amebeba kelele za mjini mgongoni, na betri ya akiba juu yake. Sitasema ni kikundi gani. Baadhi yenu mnatazama sakafu.

Ndiyo maana niliwaambia mkumbuke kungoja nje ya ua. Kungoja hakuna gharama. Dakika tano za kusimama juani zinamwambia mwenye boma: hapa ni kwako, ukisema hapana tunaondoka. Mtu asiyeweza kusikia hapana, huyo amekwisha kuwa na ngome.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndiko mlikokuwa mnanisubiri. Kuna wanaosema tukilipa tutauharibu ukarimu, kila kikombe kitakuwa na bei. Kuna wanaosema tusipolipa sisi ni wanyonyaji. Nimesikia ubishi huu kwenye kila basi, na kwa kawaida wanaobishana zaidi ndio wasiotoa kitu.

Kule Hispania, kwenye njia ya mahujaji ya Santiago, kuna kijiji kinaitwa Grañón. Hujaji analala kwenye jengo la kanisa la kijiji, juu ya godoro jembamba sakafuni, na chakula cha jioni kinapikwa na kuliwa kwa pamoja. Hakuna bei. Kuna sanduku limeachwa wazi, na ujumbe wake ni kwamba mtu aweke anachoweza na achukue anachohitaji. Hebu fikirieni sanduku wazi hapa mjini! Naona mhazini ameshika kichwa. Katika nyumba za namna hiyo, unachokiweka leo ndicho kinachonunua dengu za atakayefika kesho. Wewe umekula alichoacha wa jana. Hakuna anayemlipa mwenyeji, na hakuna anayekula bure.

Mimi msimamo wangu ni huu. Penye bei, lipa bei yote, usipunguziwe. Lango la msitu, mwongozaji, pikipiki, chapati za kibandani. Hao wako kazini, na kumbembeleza mtu apunguze shilingi hamsini ukiwa umevaa viatu vya elfu kumi na tano ni aibu. Pasipo na bei, usiiweke wewe. Kwa mama wa Suswa hatukutoa noti mbele ya watoto. Tulikuwa na sukari na majani ya chai begini tangu Nairobi, kwa sababu kwa mtu huendi mikono mitupu, hata kama hujui ni kwa nani.

Na wakati mwingine mwenyeji mwenyewe atakuambia anataka nini, ukiwa na masikio. Kule Kinangop ukungu uliwahi kutushukia tukiwa tunatoka msituni, ule ukungu wa Nyandarua ambao huoni hata mguu wako mwenyewe. Mkulima mmoja akatusikia tukiitana. Akaja na tochi, akatutoa mpaka barabarani, na watu kumi na kitu wakakaushia makoti kwenye ghala lake la viazi. Tukachanga pesa upesi upesi. Akazikataa, tena kwa uso uliotuambia tusizitoe mara ya pili. Kisha akauliza, basi lenu lina nafasi? Alikuwa na magunia mawili ya kufikishwa Njabini, na gari la siku hiyo lilikuwa limemwacha. Tulibeba magunia yale na watu wawili wakasimama njia nzima. Hakuna aliyelalamika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mithali hii tunapenda kuwarushia shemeji zetu wanaokaa sana. Basi tujirushie wenyewe. Sisi Kinangop tumekwenda miaka na miaka. Ngong tunakwenda kila mwezi. Siku zetu mbili zimekwisha zamani. Jembe letu liko wapi?

Nina mapendekezo, na nimeomba yaandikwe kwenye kumbukumbu. Sehemu ya ada ya kila safari itengwe kabla basi halijawashwa, iwe ya wenyeji wa mahali tunapokwenda, na isichezewe hata kama mafuta yamepanda. Chakula cha mchana tuache kukibeba kutoka mjini. Kuku na chipsi za Nairobi zinafika mlimani zikiwa baridi na zenye huzuni, wakati pale chini kuna mama anayejua kupika githeri na anahitaji oda yetu tangu Alhamisi. Basi lenye nafasi lirudi na gunia la mtu, au limpe lifti mgonjwa anayekwenda hospitali. Tukizidi watu ishirini tugawanyike. Wa Suswa wapelekewe maji, tukitoka na madumu yaliyojaa, tusiende kuyapunguza matone yao.

Na kila safari iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake si kushika bendera wala kupiga picha. Kazi yake ni kuuliza majina, kwa heshima na kwa ruhusa, na kuyaandika kwenye daftari la kikundi: nani alitupokea, alitaka nini, tulimwahidi nini, tumetimiza au bado. Atakayekwenda mwezi ujao alisome kabla ya kuondoka, amsalimie mtu kwa jina lake, na abebe ile ahadi. Nasisitiza, ahadi. Vijijini kuna picha nyingi sana ambazo watu wa Nairobi waliahidi kuzituma.

Kuhusu spika sihitaji kusema tena. Nimeliweka kama kipengele peke yake ili mlipigie kura mchana kweupe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja iko mezani, narudisha kipaza sauti. Aliye na swali la ada amwone mhazini. Aliye na swali la matope ya Kinangop aje kwangu, na aje na kikombe cha chai, kama bado ipo.

Kwa mliokosa mkutano: hoja ilipita baada ya ubishi wa karibu saa nzima, mwingi wake kuhusu kuku na chipsi. Fungu la wenyeji linaanza na safari ijayo, na daftari limekwisha kununuliwa. Kipengele cha spika kimeahirishwa hadi kikao kijacho.